Mbao tupu, chuma kitupu au vyote viwili: ulinganisho kwa anayechongesha fanicha Dar es Salaam

Anayetaka kuchongesha meza au kitanda Dar es Salaam huanza na swali la mti: mninga au mkongo? Akishaona picha za meza zenye miguu myeusi ya chuma, linakuja la pili: nibaki na mbao tupu au nichanganye? Maswali yote mawili ni ya haki, lakini yapo mambo mawili yanayotakiwa kutangulia, na hayo ndiyo yataamua kama fanicha itadumu. Kabla ya jina la mti, uliza ukavu wa mbao. Kabla ya rangi ya chuma, uliza unene wa paipu. Mninga mbichi utakusumbua kuliko paini iliyokauka vizuri, na fremu ya paipu nyembamba, hata ikipakwa rangi ya kupendeza namna gani, itaanza kuyumba mapema. Nitalinganisha njia zote kwa vipimo hivyo, na nitasema wazi ninakoegemea.

Meza moja kwa njia tatu

Chukua meza ya chakula ya watu sita: urefu futi 6, upana futi 3, kimo sentimita 75, uso wenye unene wa sentimita 3. Uso huo peke yake, ukiwa wa mninga, una uzito wa kama kilo 31. Ukiwa wa mkongo unakaribia kilo 40, na ukiwa wa paini ni kama kilo 23. Hesabu hiyo ina uzito wake kwa anayekaa ghorofa ya nne Upanga au Kariakoo kwenye jengo lisilo na lifti, na kwa mpangaji anayejua kwamba baada ya miaka miwili mitatu kirikuu itarudi tena mlangoni kuhamisha vyombo.

Meza ya mbao tupu inataka miguu minene, walau inchi 3 kwa 3, na mbao za mkanda zinazofunga miguu hiyo chini ya uso. Nguvu yake yote iko kwenye maungio ya tundu na ulimi, yaani kwenye mkono wa seremala. Ikifanywa vizuri haina mfano: imetulia, haipigi kelele, na ikilegea miaka ishirini baadaye seremala yeyote wa mtaani ataifungua, ataitia gundi upya na kuirudisha kazini. Udhaifu wake unaanzia sokoni. Kipande cha inchi 3 ni ghali na hukauka polepole mno, kwa hiyo miguu mingi inayouzwa ni mibichi ndani hata kama nje inaonekana mikavu. Ikishakaa sebuleni inapasuka kwa urefu. Pia angalia ule mkanda. Kiti cha sentimita 45 chini ya meza ya sentimita 75 kinakuachia sentimita 30 tu, na ukiondoa unene wa uso na mkanda wa sentimita 12, mapaja ya mtu mzima yanabaki na nafasi finyu. Mwambie fundi mkanda usizidi sentimita 8.

Meza ya mbao na chuma inaondoa tatizo hilo. Fremu mbili za mstatili, kila moja upana wa sentimita 70 na kimo cha sentimita 72, zinakula karibu skwea paipu nzima ya futi 20. Kwa paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 1.5, miguu yote miwili ina uzito wa kama kilo 10. Chuma cha kipimo kile kile ni kigumu kupinda takriban mara ishirini kuliko mbao, ndiyo maana mguu mwembamba unatosha, na viti vinaingia chini bila kugongana na kitu. Fungua bolti nane, uso unatoka, fremu zinalala, vyote vinapita kwenye ngazi. Kwa kawaida meza hii hutoka nafuu kuliko ya mninga mtupu, kwa sababu umeondoa vipande vinene na kubakiza mbao mahali mkono na macho vinapozihitaji.

Chuma kitupu, chenye uso wa bati au kioo, nakiheshimu kwenye karakana, jiko la mgahawa na maabara ya shule. Nyumbani kina kelele, na kila sahani inayowekwa juu yake inasikika hadi chumbani.

Kwa meza ya chakula, basi, mimi nachagua uso wa mbao na miguu ya chuma, isipokuwa umepata mbao nene zilizokaushwa kweli na seremala unayemwamini. Hapo meza ya mbao tupu inarudi mbele.

Mti gani

Mninga unatoka kwenye misitu ya miombo, Tabora, Katavi, Ruvuma, Lindi. Watu wanausifia rangi, nami nausifia utulivu. Ukishakauka hausogeisogei, haupindi, na unakubali randa bila kuchanika. Ndiyo maana unafaa kwa uso mpana. Vumbi lake huwasha pua na kifua kwa watu wengi, kwa hiyo ukiona karakana ambamo vijana wanapiga msasa wa mninga bila barakoa, ujue hapo afya yao haihesabiwi.

Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, na unastahimili maji na mchwa kuliko mninga. Nauona unafaa kwa mlango, kwa benchi la barazani na kwa ngazi. Kwa kabati la nguo ni kujitesa: mzigo mzito, bawaba zinalemewa, na fundi anamaliza visu vya mashine.

Msaji, ambao wengi wanauita mtiki, ni mti wa Asia uliopandwa hapa tangu enzi za Wajerumani. Leo upo Longuza kule Muheza, Mtibwa, na bonde la Kilombero. Una mafuta yake ya asili, na hayo ndiyo yanayoufanya uvumilie mvua na jua. Mafuta hayo hayo huizuia gundi kushika, kwa hiyo fundi apanguse maungio kwa tina kabla tu ya kugundisha. Miti ya shambani ikivunwa michanga inakuwa na sehemu kubwa nyeupe, na hiyo nyeupe haina sifa nilizotaja.

Sehemu nyeupe ni shida ya karibu kila mti. Kiini cha mninga au mkongo bungua hawakigusi kirahisi, lakini ganda jeupe la pembeni wanalila vizuri tu. Ukiona unga laini chini ya kitanda kipya cha "mninga wa kweli", mara nyingi fundi hakukudanganya jina la mti. Aliacha weupe ndani ya mifumbati ambako hukuangalia, kisha akaupaka rangi ufanane. Muombe aulete ubao kabla ya kupaka chochote. Weupe uliobaki upande wa chini unaokoa mbao na kupunguza bei, na mimi sina ugomvi nao endapo umetiwa dawa na umeambiwa.

Paini inatoka nyanda za juu kusini: Sao Hill kule Mufindi, Njombe, Makete. Inadharauliwa bure. Ikikaushwa vizuri inafanya rafu, kitanda cha watoto, meza ya kusomea, hata kabati zuri. Ni laini, kucha inaacha alama, na macho yake hutoa utomvu yakipata joto, lakini bei yake inakuachia fedha za kununua fremu nzuri. Tahadhari moja naomba ichukuliwe kwa uzito. Paini yenye rangi ya kijani inayouzwa kwa kupaulia imetiwa dawa, na dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Haifai kuwa meza ya chakula, haifai kuwa kitanda cha mtoto, na mabaki yake yasichomwe jikoni.

Kwenye mbao za asili kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka mazao ya misitu yasafirishwe kwa hati, na msimamizi wa misitu ya serikali kuu ni TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Muuza mbao halali hakasiriki ukimuuliza hati. Kama unapanga kupeleka mbao nje ya nchi, ujue kwamba mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022 uliingiza mninga na mkongo wa Afrika katika Kiambatisho cha II, hivyo biashara ya kimataifa ya mbao hizo inataka kibali. Mpingo ulikuwa umekwisha kuingia, pamoja na jamii yake yote, kuanzia mwaka 2017.

Ukavu: hapa ndipo fedha iende

Hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei inaongeza. Ubao uliokaa kivulini, penye upepo, hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu. Uingize kwenye chumba chenye kiyoyozi saa nyingi za siku, unashuka hadi karibu 10. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumega uso wa meza. Ubao hausogei kwa urefu, unasogea kwa upana. Uso wa paini wenye upana wa sentimita 90 unaweza kupungua karibu sentimita nzima katika safari hiyo. Mninga husogea kama nusu ya hapo, au pungufu. Na hapo tunazungumzia mbao ambazo tayari ni kavu. Ubao ulioshushwa juzi kutoka kwenye lori, uliopasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo, una maji zaidi ya mara mbili ya hayo.

Utajuaje? Kipima unyevu chenye sindano mbili ni kifaa kidogo cha mkononi, na karakana inayojiheshimu inacho. Nambari ninayotaka kuiona ni chini ya 15, na kwa nyumba yenye kiyoyozi chini ya 12. Kama hakuna kipimo, kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka haraka. Kipime kwenye mzani wa jikoni, kiweke kwenye oveni kwenye nyuzijoto kama 103 hadi uzito uache kushuka, kisha gawanya maji yaliyopotea kwa uzito uliobaki. Gramu 120 zikawa 100, unyevu ulikuwa asilimia 20, na ubao huo bado haujawa tayari kuwa meza.

Hapa ndipo ninapowalinganisha wauzaji bila kigugumizi. Kati ya mninga ambao haujulikani umekaa siku ngapi na msaji au paini iliyotoka kwenye tanuri la kukaushia, chukua ya tanuri. Kama moyo wako uko kwa mninga, nunua mbao mwenyewe miezi kadhaa kabla ya kazi, zipange juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake, kivulini, ziangalie mvua zikipita. Ubao wa inchi moja wa mti mgumu unahesabiwa kwa miezi.

Chuma: mzani kuliko macho

Paipu mbili zenye upana sawa na rangi sawa zinaweza kutofautiana mara mbili kwa chuma kilichomo. Skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye urefu wa mita 6 ina kama kilo 7 ikiwa na unene wa milimita 1, kama kilo 11 ikiwa na 1.5, na kama kilo 14 ikiwa na 2. Nyingi madukani ni fupi kidogo, lakini mzani hausemi uongo. Unapoletewa bei mbili za meza moja, moja ikiwa chini kwa kiasi kisichoeleweka, uliza unene wa paipu kabla ya kuuliza lingine lolote.

Milimita 1 inatosha kwa rafu ya vitabu vyepesi au kimeza cha pembeni. Miguu ya meza ya chakula na kitanda itake 1.5. Benchi la barazani, meza ya mgahawa inayosukumwa huku na huko kutwa nzima, au fremu ya kaunta, nenda 2. Chuma chembamba kina adhabu nyingine: mashine ya kawaida ya kuchomelea kwa vijiti inakitoboa. Fundi akiona kinatoboka anapunguza, anagusa kona mbili tatu tu, halafu anajaza puti na kupiga msasa. Ikishapakwa rangi, kona iliyojazwa puti na kona iliyochomelewa duru nzima zinafanana kabisa. Baada ya miezi, moja inapasuka mstari mwembamba. Mashine ya MIG, inayolisha waya badala ya vijiti, inachomelea chuma chembamba vizuri zaidi, na kwa fanicha ya ndani ni jambo la kuulizia.

Njia pekee ninayoiamini ni kwenda kuiona fremu ikiwa uchi, kabla ya praima. Angalia kila kona pande zote. Isimamishe sakafuni, isukume kwa mshazari. Pima kona kwa kona: vipimo viwili vya mshazari vikitofautiana zaidi ya milimita 3, mstatili wako si mstatili.

Rangi inakuja baadaye, na kuna daraja tatu. Rangi ya mafuta ya brashi juu ya redi oksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, ni nafuu na inarekebishika nyumbani, lakini inaonyesha mikwaruzo. Rangi ya kupuliza inang'aa sawasawa, ila bila praima nzuri inabanduka kama ganda. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri la nyuzijoto 180 hadi 200 ni ngumu kuliko zote, na kwa meza inayopigwa deki chini yake kila siku ndiyo ninayoipenda. Udhaifu wake ni kwamba ikishachubuka, kutu hutambaa chini yake kimya, na huwezi kuirudia kwa brashi ikafanana. Daraja lolote utakalochagua, taka vifuniko vya plastiki chini ya miguu. Kutu nyingi ya fanicha za ndani huanzia pale maji ya deki yanapoingia kwenye paipu iliyo wazi.

Mahali mbao na chuma vinapokutana

Sehemu hii ndiyo inayoachwa, na ndiyo inayoua meza nyingi nzuri. Chuma hakitanuki kwa unyevu. Mbao zinatanuka na kusinyaa kila msimu. Ukifunga uso wa mbao kwenye fremu kwa skrubu zilizokaza ndani ya tundu la duara, uso unataka kusogea na fremu inakataa, kwa hiyo kitu kimoja lazima kikubali, na daima ni mbao. Unapata mpasuko katikati ya uso, au uso unajikunja kama sinia.

Dawa yake haina gharama. Tundu za kwenye chuma ziwe ndefu, kama milimita 15, zikielekea upande wa upana wa meza, na bolti ipite na washa pana, ikazwe lakini isinyonge. Tundu za katikati tu ndizo ziwe za duara. Upande wa mbao, badala ya skrubu za kawaida, zipachikwe nati za kuzama zenye ukucha wa nje, ili bolti ifunguliwe na kufungwa mara nyingi bila kula mbao. Na uso upakwe chini sawa na juu. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande mmoja, na kujikunja ni matokeo yake.

Welda akikuambia tundu refu ni usumbufu, mwonyeshe mchoro na usibadilishe neno.

Kitanda ni kesi nyingine

Kwenye kitanda ninageuka. Kitanda cha mbao tupu, chenye matendegu imara, mifumbati ya inchi 2 kwa 8 na chaga zilizokaa juu ya ukingo, bado ni bora kwa kulala. Hakilii, hakina ubaridi unaogusa mguu alfajiri, na uzito wake unakituliza. Kitanda cha chuma hulia pale bolti zinapolegea, na hulegea kweli, kwa sababu kitanda kinatikiswa kuliko meza. Kwa godoro la tano kwa sita au sita kwa sita, kiwe cha mbao au cha chuma, taka mhimili wa kati wenye mguu wake chini. Bila mguu huo chaga zinabonyea katikati, na godoro linafuata.

Kuna hali mbili ambazo chuma kinashinda. Moja ni hosteli na nyumba za kulala wageni, ambako kunguni ni tishio la kila siku. Mbao zenye nyufa na maungio mengi ni makazi yao, na fremu ya chuma iliyochomelewa, yenye ncha zilizozibwa, inawaacha na pa kujificha pachache na inavumilia maji ya moto na dawa. Nyingine ni deka ya watoto. Ngazi na kizuizi cha juu viwe vya chuma kilichochomelewa kama mwili mmoja, na mbao zibaki kwenye chaga.

Kabati la nguo silijadili sana: fremu ya chuma huko haina kazi. Tumia mbao kavu au bodi, na kama ni MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizogandishwa, iinue kutoka sakafuni, kwa sababu ikinywa maji inavimba na hairudi.

Barazani na karibu na bahari

Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, chumvi iko hewani hata kama bahari huioni. Chuma cheusi kilichopakwa rangi ya kawaida huanza kutoa madoa ya kutu kwenye kona na kwenye kila mchubuko. Hapo tofauti ya bei kati ya paipu ya kawaida na iliyochovywa zinki inajilipa. Kuchomelea hata hivyo huunguza zinki pale pale pa ungio, kwa hiyo kila kona ipakwe praima yenye zinki kabla ya rangi. Moshi wa zinki inayoungua unaleta homa kwa fundi. Kazi hiyo ifanyike penye hewa.

Chuma kisichoshika kutu ni kizuri, lakini jina hilo lina ngazi ndani yake. Karibu na bahari daraja la 316 ndilo linalokaa, 304 huota vidoa vya hudhurungi, na 201, ambalo ni nafuu, huharibika haraka zaidi. Sumaku haitakusaidia sana kuyatofautisha, kwa hiyo uliza karatasi ya muuzaji.

Kwa mbao za nje ni msaji au mkongo, zikiwa vipande vyembamba vyenye nafasi ya milimita 5 hadi 8 kati yake ili mvua ipite. Skrubu ziwe zisizoshika kutu, maana chuma kibichi kikikutana na maji kwenye mbao zenye tanini kinaacha madoa meusi yasiyofutika. Achana na vanishi ya kung'aa barazani. Jua linaipasua, maji yanaingia chini, na utaikwangua yote kabla ya kupaka tena. Mafuta ya mbao yanataka kurudiwa, lakini kurudia ni kupangusa na kupaka tu.

Ndani ya nyumba mambo yanageuka: uso wa meza ya chakula upakwe klia ngumu ya sehemu mbili inayochanganywa kabla ya kazi. Vanishi nyepesi ya kukauka haraka huacha duara jeupe pale kikombe cha chai ya moto kinapokaa.

Nani akutengenezee

Keko ina nguvu ambayo hakuna duka linaloifikia: seremala, wapasua mbao, wapaka rangi na watengeneza masofa wako hatua chache kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na kazi inaanza leo. Bei ziko wazi kwa sababu jirani yake anauza kitu hicho hicho. Upungufu wake ni haraka. Mbao zinaingia kazini kabla hazijakauka, na mtindo unaojulikana unashinda mchoro wako. Kwa kitanda au meza ya mbao tupu, ukienda na mbao zako kavu na mchoro wenye vipimo, sijui mahali pazuri zaidi.

Kwa fanicha ya mbao na chuma nasema tofauti. Ukipeleka fremu kwa welda wa Gerezani na uso kwa seremala wa Keko, hakuna mwenye dhamana ya pale vinapokutana. Siku uso unapopasuka, welda ataonyesha mbao na seremala ataonyesha chuma. Tafuta karakana yenye mafundi wote wawili chini ya paa moja, hata kama ni ndogo na bei yake iko juu kidogo. Mafundi waliopita chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kwa kawaida wanasoma mchoro bila shida, na hilo peke yake linapunguza ugomvi.

Mchoro usiwe wa kisanii. Karatasi moja yenye sura ya mbele, ya ubavuni na ya juu, vipimo vyote kwa milimita, na maandishi haya: jina la mti, unyevu wa mwisho unaokubalika, unene wa paipu, kuchomelea duru nzima, tundu ndefu upande wa upana, uso upakwe pande zote mbili, aina ya rangi. Kila mtu apewe nakala.

Malipo nayapanga kwa kazi inayoonekana. Advansi ilipie vifaa tu, na mbao uzione zikiwa zimeandikwa jina lako. Sehemu ya pili itoke siku unapokuja kuiona fremu ikiwa uchi na uso ukiwa umepigwa randa bila rangi. Iliyobaki itoke meza ikiwa imesimama nyumbani kwako, si kwenye kirikuu. Omba miguu iwe na vikanyagio vya kuzungusha, kwa sababu sakafu nyingi za vigae zina mteremko mdogo usioonekana hadi supu ikusanyike upande mmoja wa sahani. Usiiweke moja kwa moja chini ya mdomo wa kiyoyozi. Na masika ya kwanza yakiisha, ingia chini na spana, ukaze bolti zote zilizolegea, uangalie kama tundu ndefu zimeacha alama ya kusogea kwenye rangi: zikionyesha hivyo, zinafanya kazi yake.